Jinsi ya kufuatilia bei za washindani kwenye biashara ya kutuma pesa

Mwenzangu mwenye huduma ya kutuma pesa nje alinionyesha jedwali lake la washindani. Lilikuwa na ada peke yake, na aliyeandika "ada sifuri" ndiye alionekana wa bei nafuu kuliko wote. Bei kubwa hujificha kwenye kiwango cha ubadilishaji, kwa hiyo tulilianza upya hivi.

1. Chagua njia na kiasi. Nchi moja ya kutuma, moja ya kupokea, na viasi viwili: thamani ya dola 200 na ya dola 500. Benki ya Dunia hutumia hivyohivyo kwenye ulinganisho wake wa bei, basi utakuwa na cha kupimia.

2. Tengeneza jedwali. Excel inatosha. Weka tarehe na saa, kampuni, mtumaji analipaje, mpokeaji anapokeaje, ada, kiwango chao, kiwango cha kati cha soko (katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu), na pesa zinazomfikia mpokeaji.

3. Kusanya bei. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha, kisha angalia tena ukiwa ndani ya akaunti iliyokwisha kutuma pesa. Kampuni nyingi humpa mteja mpya kiwango kizuri kwa muamala wa kwanza tu. Ukiandika hicho kama bei yao ya kawaida, utashusha bei zako kupambana na kitu ambacho mteja wa kudumu hakioni kabisa. Mimi huandika zote mbili, kila moja kwenye mstari wake.

Soma masharti madogo pia: wakati mwingine kiwango kizuri huishia kwenye kiasi fulani, na kinachozidi hubadilishwa kwa kiwango cha chini.

Usichanganye njia za kulipa. Kulipa kwa kadi na kulipa kutoka benki ni bei mbili. Kupokea taslimu kwa wakala na kupokea kwenye simu, vilevile.

Kiwango cha kati kichukue dakika ileile unayochukua bei. Cha asubuhi hakilingani na bei ya jioni, na tofauti hiyo utaidhania ni faida ya mshindani. Wikendi soko la fedha hufungwa na baadhi ya kampuni hupanua pengo kati ya kiwango chao na cha kati ili kujikinga, kwa hiyo Jumapili ilinganishe na Jumapili.

Hifadhi picha ya skrini kila mara. Bosi akiuliza namba imetoka wapi, unamwonyesha.

4. Kokotoa. Tuseme mteja ana dola 200 na kiwango cha kati ni shilingi 130 kwa dola, yaani shilingi 26,000 kama hakuna makato; gharama ni kinachopungua hapo. Kampuni ya kwanza haina ada, inabadilisha kwa 127: zinafika 25,400, gharama asilimia 2.3. Ya pili inakata ada ya dola 2, inabadilisha kwa 129.5: zinafika 25,641, gharama asilimia 1.4. Yenye ada ndiyo nafuu.

5. Rudia kwa saa zilezile. Programu ya kukusanya bei yenyewe iache kwanza. Ukurasa ukibadilika, huendelea kuandika namba mbovu kimyakimya; mtu angegundua. Na kusanya bei zilizo wazi kwa umma tu. Kumpigia mshindani kumuuliza atapanga bei gani kesho kunaweza kukuingiza kwenye kosa la sheria za ushindani.