Rola ya kupakia antifaulingi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu atatoa pesa ya ada ya mtoto kununua kopo la antifaulingi, rangi ya tumbo la chombo inayozuia mwani na magamba, kisha rola akachukua ile ya kwanza anayopewa kaunta, ya kupakia ukuta wa sebule. Mimi napaka matumbo ya vyombo hapa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mashua za mbao za wavuvi na boti za faiba zinazopeleka wageni kisiwa cha Mnemba, na nikiulizwa ushauri huanza na rola kabla ya rangi. Rangi hii kazi yake haipo kwenye kung'aa, ipo kwenye unene. Ndani yake mna oksidi ya shaba (ndiyo maana matumbo mengi unayoyaona ufukweni ni mekundu), na shaba hiyo hutoka kidogo kidogo baharini ikazuia mwani na magamba yasishike. Safu ikiwa nyembamba, shaba inakwisha mapema, na chombo kinaota ndevu kabla msimu haujageuka. Unene wa safu unaletwa na rola.

Nianze na za kukataa.

Rola ya sponji, ile nyepesi laini, inafaa vanishi na rangi za maji. Antifaulingi nyingi zina thina kali ndani yake, na sponji ya kawaida ikikutana nayo hulainika, huvimba, kisha huanza kuacha vipande ubavuni. Hata isipoharibika, inatandaza safu nyembamba yenye viputo. Zipo sponji zilizotengenezwa kustahimili thina, lakini muuza duka mwenyewe mara nyingi hajui anachouza. Basi jaribu. Kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye kikopo chenye thina ya aina iliyoandikwa kwenye kopo la rangi yako, nenda kaswali adhuhuri, ukirudi kiminye. Kikiwa kimevimba au kinakatika vidoleni, hiyo rola mpe mwenye nyumba.

Ya manyoya marefu, ile nene wanayoipenda wapaka kuta za matofali, ina tabia ya kunywa. Inabeba rangi nyingi mno kwa mara moja, nusu inadondoka mchangani na nusu inabaki ndani ya manyoya, na utaitupa nayo jioni ukitupa na pesa. Inayofika kwenye chombo inakaa kwa vinundu. Nimewahi kuona boti ya faiba imepakwa kwa rola hiyo, tumbo zima limetoka kama shokishoki. Vinundu vile vinakokota maji, injini inakula mafuta zaidi, na katikati ya kinundu na kinundu uchafu unapata pa kukaa.

Unayoitaka ni ya nyoya fupi, milimita 4 hadi 6, ya nyuzi zilizofumwa: moheri (manyoya ya mbuzi) ukiipata, au maikrofaiba inayostahimili thina. Mjini, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mlandege na Darajani yana rola za kila namna kwenye ndoo moja, hivyo usitegemee lebo, tegemea mkono. Bonyeza nyoya kwa dole gumba. Ukihisi bomba la ndani bila kuzama sana, urefu ni huo. Pitisha kiganja kwa nguvu mara mbili tatu. Ikiacha manyoya mengi kiganjani, itayaacha na kwenye rangi. Chache zikitoka si neno: nyumbani izungushie tepu ya karatasi, ile ya wapaka magari, kisha ivue kwa nguvu. Nyuzi zilizolegea zinatoka na tepu. Rudia mpaka tepu itoke safi.

Tazama na bomba lenyewe. Katika rola za bei ya chini ni plastiki laini, na thina ikipenya linalegea, kichwa kinaanza kuteleza kwenye mpini, unasukuma nacho hakizunguki. Tafuta bomba gumu la rangi ya kahawia, lililolowekwa gundi ngumu, ambalo ukiligonga kwa ukucha linalia. Gundi inayoshika nyoya nayo ina mashaka hayo hayo. Ukiona mshono wa nyoya umeinuka dukani, ujue ufukweni utafunguka.

Kuhusu upana, watu hudhani rola pana inaokoa muda. Kwenye ukuta ni kweli. Antifaulingi ya shaba ni nzito, lita moja mara nyingi huzidi kilo moja na nusu, na rola ya inchi 9 ikishiba unaibeba juu ya kichwa chako huku umeinama chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Baada ya robo saa utaanza kuibonyeza ili ikusaidie, na ukiibonyeza unaikamua rangi badala ya kuitandaza. Kwa mashua na boti za mita 6 mpaka 10 mimi natumia inchi 4 ile nyembamba, na inchi 7 kwa ubavu mpana ulionyooka. Inchi 9 naiachia majahazi. Mpini uwe na waya mnene usiopindika na tundu la kuchomekea mti mrefu. Rangi hii ikikudondokea jichoni utajuta, kwa hiyo simama mbali, vaa miwani na glavu, na juu ya mdomo uwe na kitu.

Mwenye mashua ya mbao asinunue rola peke yake. Pale ubao unapokutana na ubao, kwenye kalafati inayoziba mshono, rola inaruka. Pitisha burashi kwanza kwenye mishono yote, kwenye misumari, na kuzunguka usukani, halafu ndipo rola ifuate rangi ikiwa bado mbichi. Wazee wetu walipaka deheni, shahamu na chokaa, kwa mkono mtupu, na mkono ulikuwa unaingia kila pembe. Sisi tumepata wepesi tukapoteza vidole.

Ununue ngapi? Wengi wananunua moja. Mzee mmoja nahodha alinisimamia siku nzima nikipaka mashua yake, nilipovua kichwa cha rola na kutia kingine akanihoji: "Mwanangu, hiyo mbona bado nzima?" Nikamwambia, "Ami, ishike." Ilikuwa nzito na inanata. Jua letu linakausha thina ndani ya nyoya, rola inanenepa, inaanza kuvuta rangi uliyokwisha kupaka badala ya kuongeza. Ukisikia sauti ya kubanduka kila unapoivuta, badilisha. Kwa mashua ya kawaida weka vichwa vinne mpaka sita. Kati ya koti (safu moja ya rangi) na koti usikioshe, kifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni hewa isiingie. Thina ya kukiosha inaweza kuzidi bei yake.

Jua hilo linaingiliana na maji. Kwetu Unguja siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hukupwa kabisa kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, yaani chombo kinakauka wakati jua linapanda. Anayetaka kupaka ndani ya kupwa moja ana saa chache tu za kusugua, kuosha kwa maji ya kisima, kukausha na kupaka, na makopo mengi yanataka rangi ikae saa kadhaa kabla ya kuguswa na bahari. Kwa kazi hiyo ya haraka ubavu mmoja kwa siku unatosha. Mimi napenda kupandisha chombo siku mbili kabla ya bamvua kufika kileleni. Maji yanazidi kupanda kila siku, kwa hiyo siku ya tatu yatakifikia pale juu na kukishusha. Ukikipandisha siku ya kilele chenyewe, maji yakianza kupungua umekwama mpaka bamvua lijalo, kama wiki mbili, na baadhi ya rangi hazitaki kukaa juani muda huo, soma kopo. Anza upande wenye kivuli, ufuate kivuli kinavyozunguka.

Kabla rola haijagusa rangi, koroga. Shaba inazama, na kopo lililokaa dukani lina tope zito chini na maji mekundu juu. Tumia ubao bapa, ukwangue chini mpaka usihisi kitu. Kwenye trei pia inazama, hivyo mimina kidogo kidogo, na funika trei kwa boksi, maana upepo wa Nungwi unarusha mchanga na rola ikiokota mchanga haiachi. Thina usiongeze kwa sababu rola inakwama, badilisha rola. Ukilazimika kuongeza, usivuke kipimo cha kopo.

Sasa unene. Jicho haliwezi kukuambia, hasa koti la pili likiwa rangi moja na la kwanza. Hesabu: urefu wa chombo kwenye mstari wa maji, uzidishe kwa upana ukijumlisha na kina chake majini. Mashua ya mita 7 majini, upana mita 2, kina sentimita 60, ni 7 mara 2.6, yaani mita za mraba 18 na kidogo. Kopo likisema lita moja inapaka mita za mraba 9, koti moja linakula lita 2, makoti mawili lita 4. Ikiwa umemaliza makoti mawili na kopo bado lina lita nzima, rola yako imenyoosha rangi mno, rudi nalo upake tena. Rola ipitishwe kwanza kwa mshazari, halafu imalizie kwa mstari mmoja kuelekea tezi (nyuma) bila kubonyezwa. Ile ziada ndogo inayobaki iende kwenye mstari wa maji, kwenye ncha ya omo (mbele), kwenye usukani na chini ya mkuku, sehemu ambazo maji yanasugua zaidi.

Panapokaa magadi, zile nguzo zinazokiegemeza chombo kikiwa nchi kavu, pataachwa tupu. Siku ya mwisho hamisha gadi moja moja, pasugue kidogo, upake kwa ile rola ya inchi 4 iliyobaki kwenye nailoni. Watu wengi husahau hapa, na ndipo magamba yanapoanzia. Boti ya alumini usiipake rangi yenye shaba kabisa. Zikikutana kwenye maji ya chumvi alumini inaliwa.

Vichwa vilivyotumika viache vikauke kwenye gunia lililofungwa, mbali na watoto, na usivichome. Moshi wake si wa kuvuta. Wala usiende kuosha rola baharini. Shaba inayoua mwani kwenye mashua yako haichagui, na kina mama wa Paje na Jambiani wanapanda mwani wao kwenye maji haya haya. Mpini tu ndio unaofutwa kwa kitambaa chenye thina kidogo, ukatiwa mafuta kwenye ekseli, na kuwekwa mpaka mwakani.