Kabla Hujanunua Boti ya Matanga Iliyotumika

Mwenye boti atakukaribisha ndani na kukuonyesha mito iliyoshonwa upya, jiko linalong'aa na redio aliyoifunga mwaka jana. Mshukuru, halafu muombe akufungulie mbao za sakafu. Mto uliochakaa unabadilishwa kwa siku mbili. Sitaha iliyooza ndani kwa ndani, au mkuku uliolegea (ule uti mzito wa chini unaoizuia boti isipinduke), unaweza kula fedha kuliko bei uliyonunulia boti yenyewe. Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye vitu vigumu kutengeneza. Mapambo yatasubiri.

Kabla hata ya kwenda kuangalia boti yoyote, jiulize utaitumia vipi hasa. Wengi hununua chombo cha kuzunguka dunia, kisha wakakitumia kwa safari za wikendi. Kwa mtu wa mara ya kwanza anayetaka kulala ndani na kusafiri siku kadhaa, urefu wa mita 8 hadi 10 unatosha. Ukizidi hapo, boti ikiongezeka kidogo kwa urefu, gharama zinaruka: matanga makubwa zaidi, nanga nzito zaidi, rangi nyingi zaidi, ada kubwa zaidi ya maegesho. Uliza mapema boti itakaa wapi na maji ya hapo yana kina gani yakipwa, maana mkuku wa karibu mita mbili haufai mahali pa kina kifupi. Na usimalize akiba yako yote siku ya kununua. Mimi huwaambia watu watenge angalau robo ya fedha zao kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na bado wengine hurudi kuniambia haikutosha.

Boti nyingi za aina hii zinazouzwa leo ni za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na faiba ni ngumu kufa. Ipo miili iliyoundwa miaka ya 1960 ambayo ingali inasafiri. Ikague ikiwa nchi kavu, si ikielea. Sehemu ya chini unaweza kukuta malengelenge, na ukilitoboa moja likatoa majimaji yenye harufu kali kama siki, ujue maji yamepenya ndani ya faiba. Wauzaji huyaficha na wanunuzi huyaogopa kupita kiasi. Malengelenge machache ni sababu ya kupunguza bei tu. Kinachonitisha mimi zaidi kiko juu, pale tunapokanyaga.

Sitaha ya faiba kwa kawaida ni kama mkate uliojazwa kitu katikati: faiba juu, faiba chini, na baina yake mbao nyepesi ya balsa au plaiwudi. Kila skrubu iliyopita hapo bila kuzibwa vizuri ni mlango wa maji, na mbao ikilowa inaoza gizani bila wewe kuona chochote. Chukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, piga magoti, gonga kwa mpini polepole ukisogea kila sentimita chache. Pazima pana mlio mkavu na wa juu: ko, ko, ko. Palipooza mlio unakufa ghafla, kama umegonga gunia. Tia alama ya chaki hapo na uendelee mpaka uizunguke sitaha yote. Kazia macho kwenye miguu ya vyuma vya kushikilia, kuzunguka madirisha na chini ya mlingoti. Doa dogo kama kiganja linatengenezeka. Ukikuta nusu ya sitaha ina chaki, shuka ngazi, aga kwa adabu, nenda zako.

Mkuku nao unataka heshima yake. Kwenye boti nyingi ni kipande cha madini ya risasi au chuma cha kusubu kilichofungwa kwa boliti chini ya bodi. Tazama pale vinapokutana: je, kuna ufa, au michirizi ya kutu? Kisha ingia ndani, mulika tochi kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, uangalie boliti zenyewe na mbavu zinazozizunguka. Nyufa za nywele kwenye mbavu hizo, hasa nyuma ya mkuku, mara nyingi husema boti iliwahi kugonga mwamba. Mei 2014 boti ya mbio iitwayo Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki ikirudi Uingereza kutoka Antigua, na mabaharia wanne waliokuwamo wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba kugonga chini mara kadhaa huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, huenda ndiko kulikodhoofisha pale mkuku uliposhikiliwa. Basi muulize muuzaji bila haya: imewahi kukwama? Nani aliitengeneza? Risiti iko wapi?

Nyaya zinazoshikilia mlingoti ni za chuma kisichoshika kutu, lakini jina hilo linadanganya kidogo; hushika, tena pale usipoona. Watu wa fani hushauri zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hadi 15, na kampuni za bima nyingi huuliza umri wake. Pitisha kipande cha pamba kwenye waya kuanzia chini, usitumie mkono mtupu. Uzi uliokatika utainasa pamba. Angalia pia vyuma vinavyofungia nyaya kwenye bodi mahali vinapopenya sitaha, maana hapo ndipo maji hukaa na chuma huliwa kimyakimya. Matanga ni rahisi kidogo kuyajua: kwaruza mshono kwa ukucha, na uzi ukikatika, jua limeshautafuna. Tanga lililolegea na kuwa laini kama shuka kuukuu litailaza boti ubavu kuliko kuisukuma, na ukienda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, utapiga bisha, ukikata huku na huko, mchana kutwa.

Injini ya dizeli, waambie wasiiwashe kabla hujafika. Ukifika, iguse. Ikiwa na joto, kuna mtu amekutangulia kuisaidia, na muulize kwa nini. Chomoa kijiti cha oili: oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwaka, tazama moshi. Mweusi unaoendelea ni dizeli isiyoungua yote au injini inayolemewa, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma ni dizeli isiyowaka au maji mahali yasipotakiwa. Hakikisha maji ya kupoza yanatoka na moshi nyuma. Wala usivutiwe sana na injini yenye saa chache za kazi. Iliyolala miaka mingi bila kuwashwa huwa mbaya kuliko ile iliyotumika na kumwagwa oili kwa wakati.

Valvu zote za chini ya maji zizungushwe kwa mkono, moja baada ya nyingine. Isiyofunga ni tundu tu kwenye boti. Za shaba nyeupe ya bei rahisi hupoteza zinki yake katika maji ya chumvi na kugeuka rangi ya waridi, na hapo huvunjika kama biskuti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini ndani ya boti ikingoja cheche, kwa hiyo mtungi ukae kwenye kasha lake lenye tundu la kutolea gesi nje.

Karatasi ziangalie kabla ya kutoa senti. Namba ya bodi, ambayo mara nyingi huchongwa upande wa kulia wa shetri, yaani nyuma ya boti, ilingane na iliyoandikwa, na uwe na uhakika boti haina deni. Mkaguzi umtafute wewe na umlipe wewe, asiwe rafiki wa dalali. Mkataba useme wazi kwamba ununuzi unategemea ripoti yake na safari ya majaribio.

Siku ya safari hiyo, shika usukani mwenyewe. Pandisha tanga, lipunguze, geuza, rudi kinyumenyume kwa injini. Mkirejea, fungua tena zile mbao za sakafu. Kukiwa na maji ambayo asubuhi hayakuwapo, chovya ncha ya kidole, onja kidogo, uteme. Yakiwa ya chumvi, yanatoka baharini na lazima ujue yamepitia wapi kabla ya kuzungumza bei. Yakiwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, kafungue kwanza tangi la maji ya kunywa.