Una magitaa matano ndani na unapiga moja tu? Fanya hivi

Wapenzi wengi wa gitaa tunafika mahali nyumba imejaa magitaa, mengine juu ya kabati mengine chini ya kitanda, halafu kila jioni mkono unaenda kwa lile lile moja. Kama ndo hali yako usikimbilie kuuza wala kuongeza jingine. Yatoe yote kwenye mabegi yakae wazi sebuleni mwezi mzima, uone lipi unalishika bila kujilazimisha.

Halafu kila moja ulipe kazi yake. Kavu (lisilotumia umeme) la nyuzi za nailoni lina sauti laini na linataka vidole, kavu la nyuzi za chuma linalia kwa ukali na linabeba mwimbaji, la umeme ni la bendi, besi ina nyuzi nne na iko oktavu moja chini, yaani noti zile zile kwa sauti nzito zaidi. Hizo ni kazi tofauti kweli. Ila ukiwa na mawili ya umeme yanayotofautiana rangi tu, hiyo ni kazi moja, moja liondoke. Na tafadhali sana usijaribu kupunguza magitaa kwa kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili lifanye kazi zote mbili, chuma inavuta karibu mara mbili ya nailoni, daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi mwilini, linabanduka na ubao unaenda nalo.

Sasa lipi libaki. Watu wanabakisha la bei kubwa, mi naona sio. Bakisha lenye shingo nzima na sauti ya kweli, na hilo unalipima mwenyewe nyumbani. Chukua uzi mnene wa 6, ukandamize freti ya 1 (freti ni vile vichuma vilivyolala kukatisha shingo) na pale shingo inapoungana na mwili, kisha angalia katikati, freti ya 7 hivi: panatakiwa pawe na upenyo mwembamba kama unene wa karatasi ngumu. Upenyo ukiwa mkubwa shingo imepinda mbele, usipokuwepo kabisa imerudi nyuma, zote hizo fundi anaweza kurekebisha kama gitaa lina chuma cha kurekebishia ndani ya shingo. Kipimo cha pili ndo muhimu zaidi. Washa programu ya kutyuni (kupima kama uzi uko kwenye noti yake) kwenye simu, piga uzi bila kuukandamiza, umeugusa kidogo tu juu ya freti ya 12 ulie kama kengele, halafu ukandamize hapo hapo freti ya 12 upige tena. Noti zikilingana safi. Ya pili ikipanda, gitaa linadanganya kadiri unavyosogea juu, na hata ufanye mazoezi usiku kucha kodi zako, zile noti unazopiga kwa pamoja, hazitakaa sawa. La umeme unasogeza vitako vya nyuzi, vile vichuma zinavyokalia pale darajani, nyuma kwa bisibisi, kavu mpelekee fundi.

Mtu atasema moja halitoshi. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, yule aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki wa Afrika Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa na gitaa kavu moja, kidole gumba na cha shahada, na besi na melodi vikatoka pamoja. Na ukitaka sauti mpya usiende dukani kwanza. Wakongo walishatuonyesha: toa uzi wa 4, weka mahali pake uzi mwembamba kama ule wa kwanza, ukaze upande oktavu moja juu ya pale ulipokuwa. Sauti inayotoka inakaa katikati ya gitaa la solo linalopiga melodi na la rithim linaloshika kodi, wao wanaiita mi-composé, na gitaa ni lile lile. Uangalie tu kule juu shingoni, mfereji wa uzi wa 4 ni mpana hivyo uzi mwembamba unaweza kuchezacheza.

Kuna wanaohitaji mengi na nawaelewa. Ukipiga jukwaani uzi ukikatika katikati ya wimbo unataka la pili liwe tayari limetyuniwa, na mwenye studio anauza sauti tofauti tofauti. Lililoachwa na marehemu baba pia haliuzwi, hata kama hupigi.

Ila sisi wa Pwani tuhesabu gharama. Mbao za gitaa zinapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 mpaka 55, Dar na Tanga mara nyingi inapita 70, na chumvi ya baharini inakula nyuzi za chuma hata kama gitaa halipigwi, kwa hiyo magitaa matano ni seti tano zinazopata kutu kwa pamoja. Moja unalifuta nyuzi na kitambaa kikavu kila ukimaliza, unalirudisha kwenye begi na vipakiti vya kunyonya unyevu, basi.

Yanayoondoka yafunge nyuzi mpya kwanza, na kama kuna ufa sema na uupige picha. Kama kuna kijana kwaya au mtaani anapiga kwa kuazima, mpe moja, usimuuzie. Hela utakayopata nunua kapo (kibano cha kubana nyuzi shingoni ili sauti ipande) na seti mbili tatu za nyuzi, na kabla hujaleta gitaa lingine ndani liazime wiki mbili, ukirudi kwenye lako kabla wiki hazijaisha lirudishe kwa mwenyewe.