Kitabu cha mfuko wa gwanda: namna ya kukitengeneza kwa karatasi za A4

Kati ya mwaka 1943 na 1947 askari wa Marekani walipewa nakala zaidi ya milioni 120 za vitabu vya kulala, yaani vyenye upana uliozidi urefu na safu mbili za maandishi kila ukurasa, vya kuingia mfukoni. Vilichapwa kwenye mitambo ya majarida viwili viwili, kimoja juu ya mwenzake, kisha vikatenganishwa kwa kisu. Ujanja ule ule unawezekana leo kwa printa ya stationery, na unamfaa hasa aliyekimbia vita na begi moja au anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, Tanzania.

Laza karatasi ya A4 na uigawe robo nne. Kila robo ni ukurasa wa milimita 148 kwa 105. Nusu ya juu ni kitabu cha kwanza, nusu ya chini ni cha pili. Karatasi 16 za gramu 80 zinakupa vitabu viwili vya kurasa 64 kila kimoja. Usizidishe hapo, mgongo utatuna na kitabu hakitafunga. Andiko refu ligawe juzuu mbili.

Tumia herufi za pointi 9. Kila safu iwe na upana wa milimita 60, kati yake 6, pambizo 12 kwenye mkunjo na 10 nje. Mstari mfupi unasomeka kwa mwanga wa kibatari bila jicho kupotea njia.

Mpangilio wa kurasa ndio unaowashinda wengi. Kurasa mbili zinazokaa sambamba kwenye upande mmoja wa karatasi lazima namba zake zijumlike 65. Karatasi ya nje kabisa ina 64 na 1 mbele, 2 na 63 nyuma. Inayofuata ina 62 na 3, halafu 4 na 61. Unapochapa pande mbili, chagua kugeuza kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, nyuma ya kitabu cha kwanza utakuta kitabu cha pili, tena kichwa chini. Kwa hiyo chapa karatasi moja kwanza, uiinue kwenye mwanga.

Kwa jalada weka manila ya gramu 160. Usichore bendera, silaha wala rangi za jeshi lolote, maana msomaji atapekuliwa akiwa na kitabu hiki kwenye kizuizi cha barabarani.

Tumia pini za stepla, si gundi: gundi huvuta wadudu na hulegea kwenye unyevu. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, hivyo ifungue, weka rundo juu ya ndara, piga pini kwenye mstari wa mkunjo, geuza, kisha lalisha miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Piga nne: milimita 25, 80, 130 na 185 kutoka ukingo wa juu. Zipake nta ya mshumaa kuchelewesha kutu.

Kunja, kisha kata kwenye milimita 105 kwa wembe wa kukatia na rula ya chuma. Pitisha wembe taratibu mara nyingi. Ukikandamiza kwa nguvu, karatasi za chini huteleza na mistari ya mwisho huliwa. Kurasa za katikati zitachomoza kidogo upande wa nje. Zipunguze milimita 2.

Maandiko yawe yako, au yenye leseni huria, yaani ruhusa ya kunakili bure, kama hadithi za watoto za mtandao wa African Storybook.