Kabla ya kwenda Uingereza kusoma uzamili wa sheria za haki za binadamu

Uzamili wa sheria za kimataifa za haki za binadamu nchini Uingereza, kama ule wa Essex au Nottingham, huchukua mwaka mmoja tu. Muda huo hautoshi kujifunza misingi upya, kwa hiyo maandalizi yaanze mwaka mzima kabla, na yaanzie kwenye sheria yenyewe, si kwenye viza.

Wanasheria wengi huondoka wakiijua vizuri katiba ya nchi yao lakini hawajawahi kuufungua Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba. Anza na ibara ya 31, inayoeleza namna ya kufasiri mkataba. Kisha soma, neno kwa neno, mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa ya 1966 (wa haki za kiraia na kisiasa, na wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni) na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981. Ukiwa unasoma, tofautisha hukumu ya mahakama na maoni ya kamati inayosimamia utekelezaji wa mkataba. Anayeyapa yote nguvu sawa hupoteza alama hata kama insha imeandikwa vizuri.

Swali la tasnifu nalo litafutwe mapema, tena liwe jembamba. "Haki za wanawake Afrika" ni mada ya maktaba nzima. Tazama mfano huu: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, yaani sheria isiyomwachia jaji adhabu nyingine ya kuchagua. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema ulazima kama huo katika sheria ya Tanzania unakiuka haki ya kuishi. Mwezi huohuo Tanzania iliwasilisha notisi ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Je, baada ya hapo mfungwa afuate njia gani? Hilo linajibika ndani ya kiangazi kimoja, muda wa kuandika tasnifu.

Ukitegemea Chevening, udhamini wa masomo wa serikali ya Uingereza, dirisha la maombi hufunguliwa Agosti ya mwaka unaotangulia masomo. Wanataka saa 2,800 za kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili.

Anayejilipia aangalie sana taarifa ya benki ya kuombea viza. Fedha inayotakiwa ikae siku 28 mfululizo. Ikipungua hata siku moja, hesabu inaanza upya. Akaunti iwe yako au ya mzazi au mlezi wa kisheria, na ya mzazi iambatane na cheti cha kuzaliwa pamoja na barua yake ya ridhaa. Ya mjomba asiye mlezi wako kisheria haikubaliki, hata kama ndiye aliyekusomesha tangu darasa la kwanza. Linganisha mapema majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti, maana kurekebisha herufi moja kunaweza kula wiki kadhaa.

Kipimo cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza kifanyike kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti chake hudumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie kupima Januari kwa safari ya Septemba.