Unataka mtoto aingie skauti Ufaransa, Ubelgiji au Uswisi? Chagua chama kwanza

Wazazi wengi wakihamia Ufaransa huwa wanauliza "jamani skauti wako wapi huku", wakidhani chama ni kimoja tu nchi nzima, sasa huko sivyo kabisa, vyama viko vingi na kila kimoja kina historia yake, msimamo wake wa dini na yunifomu yake, na ukiingia tu mlango wa kwanza uliouona mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima sehemu ambayo nyie kama familia hamuielewi. Kwa hiyo usianze kutafuta kundi la karibu na nyumbani. Anza na chama, kundi litafuata.

Tuanze na Ufaransa yenyewe maana ndo inachanganya watu zaidi. Kuna shirikisho linaitwa Fédération du Scoutisme Français, limeanza 1940, ndo linaiwakilisha Ufaransa kwenye skauti ya dunia. Ndani yake chama kikubwa kuliko vyote ni Scouts et Guides de France, hawa ni wa Kikatoliki, wamezaliwa 2004 pale Scouts de France (wavulana, tangu 1920) na Guides de France (wasichana, tangu 1923) walipoungana. Waprotestanti wana Éclaireuses et Éclaireurs unionistes, Wayahudi wana Éclaireuses et Éclaireurs israélites ambao wako tangu 1923, Waislamu wana Scouts musulmans de France tangu 1990, Wabudha nao wana Éclaireurs de la Nature. Halafu kama hutaki mambo ya dini yaingie kabisa kuna Éclaireuses et Éclaireurs de France, hawa mizizi yao ni ya 1911 na hawafungamani na dini yoyote.

Nje ya shirikisho hilo utakutana na Scouts unitaires de France na Guides et Scouts d'Europe, ni Wakatoliki pia ila wanapenda mtindo wa zamani zaidi, wavulana kivyao wasichana kivyao. Nao serikali inawatambua, usiogope, ila ujue tu ni njia nyingine.

Sasa familia ya Kiislamu inafanyaje kama mji wenu hauna Scouts musulmans, maana hawapo kila mahali? Hapo usikate tamaa. Hata Scouts et Guides de France wanapokea watoto wa dini zote, na Éclaireuses et Éclaireurs de France ndo kabisa. Cha kufanya ni kuongea na kiongozi mapema, kabla hata ya kujaza fomu, muulize chakula cha kambini kinapikwaje, nyama ni ya aina gani, mtoto akitaka kuswali atapata nafasi, na Jumapili wenzake wakienda misa yeye atakuwa wapi na nani. Kiongozi mzuri atakujibu bila kusitasita kwasababu maswali hayo anaulizwa kila mara. Akianza kukwepa kwepa, tafuta kundi lingine.

Ukishachagua chama, ingia kwenye tovuti yao, wengi wana ramani ya makundi, unaweka mji wako unapata mawasiliano. Muda wa kuandikisha ni Septemba, mwaka wao unaenda na mwaka wa shule na unaishia na kambi kubwa ya Julai au Agosti. Ukichelewa mpaka Novemba unaweza kukuta kumejaa, na sababu kubwa sio wingi wa watoto, ni viongozi hawatoshi. Vijana wanaoongoza wanajitolea tu, wengi ni wanafunzi wa chuo, hawalipwi.

Siku ya kwanza unapompeleka angalia rangi za mashati, zinakwambia mengi. Kwa Scouts et Guides de France miaka 8 mpaka 11 wanavaa ya chungwa, 11 mpaka 14 bluu, 14 mpaka 17 nyekundu, na vijana wa 17 kwenda juu kijani. Kwa hiyo kama mwanao ana miaka 12 na wamemuweka na mashati ya chungwa, uliza kwanini. Angalia pia nani anafanya kazi. Mimi huwa naangalia moto wa kupikia, kama watoto ndo wanapanga kuni na kukatakata vitunguu huku kiongozi amesimama pembeni anaangalia na kurekebisha kidogo, hapo kuna skauti ya kweli, lakini kama watu wazima wanafanya kila kitu na watoto wamekaa wanasubiri sahani, hata skafu ziwe safi namna gani, sivutiwi.

Kwenye usalama usione aibu kuuliza. Kwa sheria ya Ufaransa kambi ya skauti inatakiwa itangazwe serikalini, na chama kiwe na kibali cha taifa kinachoitwa agrément. Viongozi angalau nusu wawe na cheti, kama BAFA (cheti cha Ufaransa cha kuongoza shughuli za watoto) au kile cha kwao wenyewe cha skauti, na mkuu wa kambi naye awe na cha kwake. Utajaza karatasi ya afya inaitwa fiche sanitaire, weka chanjo zote, aleji, dawa, usifiche kitu. Kuhusu ada, kwa Scouts et Guides de France inapangwa kwa kipato cha familia, kile wanachoita quotient familial, kwa hiyo pesa isikufanye ukae kimya, sema hali yako mapema.

Ubelgiji upande wa Kifaransa mambo ni tofauti kidogo. Kuna Les Scouts, kuna Les Guides, na kuna Scouts et Guides Pluralistes ambao msimamo wao ni kuchanganya watu wa imani zote. Orodha ya kusubiri huko ni jambo la kawaida kwa hiyo andikisha jina mapema sana. Na mtoto akirudi nyumbani anakwambia amepewa jina la mnyama, usishangae, hiyo ni totem, mila yao ya miaka mingi, ila una haki ya kuuliza walimpaje na kama alikuwa na raha nayo.

Uswisi ni rahisi, kuna chama kimoja cha taifa, Mouvement Scout de Suisse, wavulana na wasichana waliungana 1987, wewe unatafuta tu kundi la jimbo lako. Canada wanaozungumza Kifaransa wana Association des Scouts du Canada.

Na kama wewe ni kiongozi wa kundi Kongo, Burundi au Rwanda na unataka kupiga kambi pamoja na kundi la nchi hizo, usimuandikie kiongozi wa mtaani moja kwa moja ukitegemea ataweza kila kitu. Pitia chama chako cha taifa kwanza, Kongo ni shirikisho la FESCO, Burundi ni Association des Scouts du Burundi, Rwanda ni Rwanda Scouts Association, umuone kamishna wa mambo ya nje awasiliane na mwenzake wa upande wa pili. Barua ya utambulisho kutoka chama chako ndo watakayoiomba kwanza, na ubalozi ukiomba maelezo ya safari nayo inasaidia, kwa hiyo anza kuifuatilia mapema, tena kabla hamjaanza kuchangisha nauli.