Mwanga unatoka chini ya rangi: jinsi ya kupaka picha ya dhahania inayowaka, na kuacha patupu pakafanya kazi

Ukiona picha ya dhahania (ya rangi na maumbo tu, isiyoonyesha mtu wala kitu) imekaa kama inawaka kwa ndani usidhani aliyeipaka kamwagia nyeupe nyingi, ni kinyume kabisa. Nyeupe ukiichanganya na rangi inaipauza, nyekundu inakuwa pinki, bluu inapoa, ule moto unazimika. Mwanga kwenye picha za namna hii unatoka chini: unapita kwenye rangi nyepesi, unagonga kanvasi nyeupe, halafu unarudi machoni ukiwa umeshavaa ile rangi. Ukilishika hilo mengine yote ni mikono tu na uvumilivu, zaidi uvumilivu.

Naongelea uchoraji uliotoka New York miaka ya 1940 na 1950, ekspreshonizimu dhahania, akina Mark Rothko, Barnett Newman, Helen Frankenthaler, Franz Kline. Jackson Pollock naye ni wa hukohuko na zile rangi zake za kudondosha ila leo namweka pembeni, yeye mara nyingi anajaza kanvasi yote kona hadi kona na sisi tunataka kujifunza kuacha.

Anza na kanvasi, na hapa amua mapema maana hutaweza kurudi nyuma. Kuna kanvasi iliyopakwa geso (ile rangi nyeupe ya msingi) na kuna kanvasi mbichi isiyopakwa kitu. Ya geso inakupa nyeupe kali chini, mwanga unarudi kwa nguvu, rangi inakaa juu. Mbichi inanyonya, rangi inazama kwenye nyuzi na inakuwa sehemu ya kitambaa chenyewe, mwanga wake ni mpole zaidi. Frankenthaler mwaka 1952, akiwa na miaka 23, alitandaza kanvasi mbichi sakafuni, akachora mistari kidogo ya mkaa, akaanza kumwaga rangi ya mafuta aliyoilegeza kwa tapentaini (kiyeyushi cha rangi ya mafuta) mpaka ikawa majimaji. Ile picha, Mountains and Sea, ina upana wa karibu mita 3 na sehemu kubwa tu ya kitambaa imeachwa wazi. Mwaka uliofuata wachoraji wenzake Morris Louis na Kenneth Noland walifika studio kwake kuiona na wote wawili wakabadilisha namna yao ya kupaka.

Ila usimuige kwa rangi ya mafuta. Mafuta ya kitani (ndiyo yanayoshika rangi ya mafuta) yakiingia moja kwa moja kwenye kitambaa kisicho na msingi yanakula nyuzi taratibu, kitambaa kinakuwa kikavu na cha kukatika, na pembeni ya rangi panabaki alama za mafuta yaliyosambaa. Frankenthaler mwenyewe miaka ya 1960 alihamia akriliki, rangi ya plastiki inayolegezwa kwa maji. Kwa hiyo mbichi nenda na akriliki, ya geso nenda na yoyote unayotaka.

Ukubwa? Kubwa kadiri ukuta na mfuko vinavyoruhusu. Sio kwa kujionyesha, ni kwamba rangi ikizidi upana wa mabega yako unaacha kuitazama kama kitu na unaanza kuwa ndani yake. Kama huna nafasi hata mita moja inatosha kujifunzia.

Sasa tabaka, hapa ndo penyewe. Legeza rangi mpaka ukipaka kidogo juu ya gazeti maandishi bado yanasomeka. Hicho ndicho kipimo changu, sijui mtu mwingine anatumia nini. Paka tabaka la kwanza, liache likauke kabisa, paka la pili, liache, la tatu. Usipake chini rangi ileile unayotaka ionekane juu. Unataka nyekundu inayowaka? Anza na njano nyepesi, juu yake chungwa, juu yake nyekundu mara mbili, na pembeni acha ile njano ichungulie kidogo. Unataka zambarau nzito isiyokufa, anza na nyekundu ya joto halafu shuka na bluu nyepesi juu yake. Ukizichanganya rangi hizohizo kwenye paleti unapata kitu kimoja kilicholala, ukizipandisha moja juu ya nyingine jicho linazichanganya lenyewe na huko ndiko uhai unakotoka. Rothko alikuwa anafanya hivi kwa tabaka nyingi nyembamba sana, tena alikuwa anachanganya vitu vya ajabu kwenye rangi zake, mayai, utomvu wa miti uitwao dama, vilegezi vya kila aina, ili tabaka moja lififie na jingine ling'ae.

Hilo la kufifia na kung'aa wengi wanalisahau. Nyeusi isiyong'aa ikikaa karibu na nyeusi inayong'aa ni rangi mbili tofauti kabisa, mtu akitembea mbele ya picha zinabadilishana. Kwenye Rothko Chapel, jengo la ibada kule Houston, Marekani, lililofunguliwa 1971, kuna picha zake 14, ukiingia unaona giza tu, ukikaa zambarau na nyekundu ya damu ya mzee zinaanza kujitokeza zenyewe. Kwa akriliki ni rahisi, nunua medium mbili (kilegezi cha akriliki kisicho na rangi), ya kung'aa na ya kufifisha, paka rangi ileile kwa zote mbili ubavu kwa ubavu uone.

Mambo ya usalama na uimara nayapitia haraka. Rangi ya mafuta: matabaka ya chini yawe na mafuta kidogo, ya juu yawe na mafuta zaidi, ukigeuza picha itapasuka. Ukizidisha tapentaini rangi inabaki unga unaotoka na kidole. Akriliki ukiizidishia maji kwenye geso inakosa nguvu ya kushika, afadhali uilegeze kwa medium, kwenye kanvasi mbichi maji hayasumbui sana kwa sababu nyuzi zenyewe zinashika. Fungua madirisha. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pipa, vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka moto, vitandaze nje vikauke au viloweke kwenye maji.

Kabla hujaongeza rangi ya tatu au ya nne (na mi nashauri usizidi tatu mwanzoni) piga picha kazi yako kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona rangi mbili zimegeuka kijivu kimoja ujue zina uzito sawa wa mwanga, na hizo zikigusana mpaka wake unatetemeka machoni, hautulii. Wakati mwingine unataka hivyo. Kama hutaki, shusha moja iwe nzito zaidi. Wanafunzi wengi wanahangaika kutafuta rangi mpya wakati tatizo ni uzito tu, rangi wanazo.

Kingo nazo zinaongea. Kwa Rothko ukingo ni laini, umesuguliwa kwa brashi kavu au kitambaa, ndo maana mistatili yake inaonekana inaelea na haijabandikwa. Newman akaenda njia nyingine. Kwenye Onement I ya 1948 aliweka ukanda wa tepu katikati ya kanvasi ya kahawia-nyekundu, akapaka nyekundu kali juu ya tepu kama majaribio, akatazama, akaacha hivyohivyo, tepu mpaka leo imo. Ni mstari mmoja tu ila ule uwanja wote ukapata kushoto na kulia. Ukitaka mstari kama huo bandika tepu ya karatasi, ikandamize ukingoni kwa ukucha, pakia kwanza rangi ya uwanja ileile juu ya ukingo wa tepu ili izibe vijitundu, ikikauka ndo upake rangi ya mstari. Rangi haitavuja. Laini au kali, vyovyote, ila chagua kwa sababu. Ukichanganya kingo za aina tano kwenye picha moja kila kona inapiga kelele.

Haya, patupu. Kosa la kawaida ni kudhani patupu ni pale ulipochoka. Mtu anapaka kitu katikati halafu kilichobaki pembeni ndo anakiita nafasi. Hapana. Kline, yule wa nyeusi kubwa juu ya nyeupe, alishasema watu wanadhani anachukua kanvasi nyeupe na kuchora alama nyeusi juu yake, kumbe nyeupe naye anaipaka na ina uzito uleule. Ukizitazama karibu unaona kabisa, nyeupe imepanda juu ya nyeusi, imeikata, imeisukuma, nyeusi nayo ikarudi. Kwa hiyo zoezi la kwanza: chukua nyeusi na nyeupe tu, paka umbo moja kubwa jeusi linalogusa pande angalau tatu za kanvasi, halafu shika brashi ya nyeupe na kazi yako yote iliyobaki iwe kurekebisha maumbo MEUPE. Usiliangalie jeusi kabisa. Ukishaona meupe yamekuwa maumbo yenye tabia, moja jembamba, moja zito, moja linakimbilia nje, umeshaelewa.

Zoezi la pili ni kuacha bila kupaka. Louis kwenye zile picha zake za Unfurled, 1960 na 1961, alimimina mifereji ya rangi kwenye pande mbili za kanvasi mbichi na katikati akaacha wazi, eneo kubwa kuliko rangi yenyewe, na bado jicho linaenda katikati. Linaenda kwa sababu rangi za pembeni zote zinateremka kuelekea huko. Ndo siri yenyewe, patupu panahitaji kushikiliwa na kitu, rangi iwe inaelekea huko au inakaribia kufunga halafu haifungi. Patupu pasiposhikiliwa na chochote panaonekana kazi haijaisha. Unapima hivi: kata karatasi za rangi mbalimbali, ziweke juu ya lile eneo moja baada ya nyingine, urudi nyuma hatua kadhaa. Kama karatasi yoyote inaifanya picha iwe bora, basi eneo lako lilikuwa na njaa. Kama kila karatasi inaiharibu, toa mkono. Geuza pia kanvasi juu chini, ukiwa huna kipi ni mbingu kipi ni ardhi unaona uzito ulivyo kweli.

Mwisho mwanga wa chumba, maana unaweza kufanya yote haya ukaharibu kwa kutundika. Taa kali ya juu inapiga kwenye uso wa picha na kurudi bila kuingia ndani ya tabaka. Rothko alitaka mwanga wa wastani, picha ziwe chini karibu na sakafu, na mtazamaji asimame karibu, inatajwa kama sentimita 45 hivi. Newman naye 1951 alibandika tangazo kwenye maonyesho yake kuwaambia watu wazitazame picha kubwa kwa karibu. Jua la moja kwa moja ndo adui kabisa: picha ambazo Rothko aliwapakia Chuo Kikuu cha Harvard miaka ya 1960 zilikaa kwenye ukumbi wa chakula wenye madirisha makubwa, nyekundu aliyotumia ilikuwa ya aina isiyostahimili mwanga, zikapauka mpaka zikatolewa ukutani, na 2014 walizionyesha tena kwa kuzimulikia rangi iliyopotea kwa projekta. Kwa hiyo kabla ya kununua soma kwenye tyubu alama ya kustahimili mwanga, zile za daraja la I na II ndo za kuchukua, hasa kwa nyekundu na pinki.

Fremu sio lazima, wengi wao hawakuitaka. Ukiiacha basi mbavu za kanvasi nazo zipakwe, ziendeleze rangi ya mbele, na jina lako liandike nyuma.